Nusu ya Salamu Maria

Mama Katungu alinipigia simu Jumanne moja, nikiwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi, akaniambia kwamba mjomba wake amefariki Butembo, kitandani, baada ya kunywa uji. Alisema hivyo hivyo, uji na kifo kwa pumzi moja, halafu akanyamaza kungoja nilie. Sikulia. Nilimuuliza uji ulikuwa wa nini. Akasema wa mtama, akakata simu, na tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliuliza swali lile. Nimepata majibu manne na yote mabaya. Mtu aliyekufa alikuwa mwanafizikia. Kwa zaidi ya miaka arobaini alichunguza jambo moja tu: jinsi hewa inavyojisokota ndani ya wingu, na jinsi matone madogo ya maji yanavyosafiri ndani ya msukosuko huo. Watu wa Nyamitaba walimwita Papa Mawingu. Mimi nilimwita Papa Prof. Nilikaa naye mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na minne na diploma ya fizikia ambayo sikujua niifanyie nini, kwanza kwenye vilima vya Masisi, halafu Walikale. Katika mwaka ule nilimdanganya mara mbili, kwa neno lile lile moja, na baadaye kwa namba. Nimejaribu kulisimulia jambo hili kwa watu wawili, nikaishia katikati. Sasa hayupo wa kunisahihisha, kwa hiyo naandika.

Alikuja kwenye institi yetu, chuo nilikosomea, kutafuta mtu mwenye macho mazuri na asiye na haraka. Wenzangu watatu walikataa, kwa sababu Masisi ni vita na wazazi wao hawakutaka. Mimi nilikubali kwa sababu niliogopa kukataa. Nilifikiri akitoka pale bila mtu ataharibikiwa na kazi, na mimi nitakuwa nimeiharibu. Ndivyo kichwa changu kilivyo. Nyumba aliyopanga Nyamitaba ilikuwa ya mbao, zamani ilikuwa chumba cha kukaushia fromaji, jibini ya Masisi, na mbao zake zilikuwa bado na harufu ya maziwa yaliyoganda. Ulaya, aliniambia, alifanya kazi na watu waliopanda ndege kulifuata wingu. Huku wingu lilikuja lenyewe kila asubuhi, likaingia kwa mlango wa jikoni, likalowesha chumvi. Mama mwenye nyumba alituletea viazi na maharagi, na siku ya soko kipande cha fromaji. Tulikula mezani pale pale pa kazi, tukisukuma vioo pembeni kwa viwiko.

Vioo ndivyo vilikuwa kazi yenyewe. Unashika kipande cha kioo, kidogo kama kiberiti, juu ya taa ya petroli mpaka upande mmoja ushike masizi meusi sawasawa. Unakiweka kwenye kisanduku chenye kifuniko kinachofunguka kwa kamba. Unapanda mpaka kwenye mgongo wa kilima, mahali ukungu unapopita na upepo, unafungua, unafunga. Kila tone linalogonga masizi linaacha tundu la mviringo. Mchana unaliweka tundu chini ya hadubini, unapima upana wake, na hapo unajua tone lilikuwa na ukubwa gani. Ugumu ulikuwa muda. Ukifungua kwa muda mfupi mno, hupati kitu. Ukizidisha, matone yanaangukia juu ya mengine na kioo hakina maana. Saa yangu ya mkono iliingia maji wiki ya kwanza, na simu haikutambua vidole vilivyolowa. Papa Prof alikuwa amelelewa na mama aliyechemsha mayai kwa kusali, basi akakaa na saa yake ya ukutani, akanisikiliza nikisali Salamu Maria mara ishirini, akaandika, akagawanya, akasema nusu ya kwanza inatosha kabisa. Nifungue nikianza, nifunge nikifika pale pa "amebarikiwa". Nusu ya pili, ile ya kuwaombea wakosefu, tuwaachie mapadri. Nilicheka. Nilikuwa mtu wa kusali kwa mwendo ule ule kila siku, kama watu wote tuliofundishwa na watawa, na kwa miezi mitano nusu yangu haikuzidi wala kupungua.

Swali lake aliniambia siku moja tukila. Alisema kila mtu anajua jinsi tone dogo kabisa linavyozaliwa, na jinsi tone kubwa linavyoanguka likikusanya madogo njiani. Katikati ndipo hapajulikani. Madogo yanapishana kwa adabu, hayagusani, na kwa hesabu ya kawaida mvua ingechukua nusu siku kuiva. Lakini sisi wote tumeona wingu likifika saa nne na kutulowesha saa tano.

"Feza," akaniuliza, "ulishaona pikipiki ya muzigo mu kona?"

Nikasema nimeona.

"Ile ya mifuko tatu ya makala ya jiko inakata kona sawa na ile ya bure, haina kitu?"

"Hapana, Papa Prof. Inatoka inje."

"Njo vile. Hewa inakata kona, tone yenye muzigo inatoka inje. Weka kona mingi, pikipiki mingi. Itakuwa nini?"

"Zitagongana."

"Mimi nasema mvula iko aksida tu, kugongana." Akachukua kiazi, akakipapasa kwanza kujua kilipo. "Miaka makumi ine niko nahesabu kona. Aksida yenyewe sijaiona."

Hakukipapasa kile kiazi kwa mchezo. Macho yalikuwa yanakwisha. Alipoongea na daktari wake wa Goma aliweka simu kwa sauti ya juu, kwa sababu hakuona tena vitufe, na mbao za chumba cha fromaji hazikuzuia kitu. Nilikuwa jikoni na nikasikia yote. La kushoto limekwisha, daktari alisema. La kulia, labda mwaka, labda haufiki. Papa Prof akajibu kwamba mwaka ni mwingi. Halafu alikuja jikoni akaniomba chumvi, ambayo ilikuwa mkononi mwake. Kuanzia siku ile nilielewa mwaka wetu ulikuwa wa nini. Wenzake walikuwa wamechapisha hesabu zake, wakamwambia ni nzuri, halafu wakamwambia alete tone: onyesha kwamba ndani ya wingu halisi, asubuhi za upepo mkali, yanaonekana matone ya katikati ambayo asubuhi za utulivu hayapo. Alitaka kuyaona kabla hajaacha kuona. Na vioo vyangu, miezi mitano, vilikuwa na matundu madogo, madogo, madogo, upepo ukiwepo au usiwepo. Nilimsomea namba kila mchana na nikamtazama akizichukua moja moja kama mtu anayepewa dawa chungu. Nilianza kuhisi kwamba ni mimi ninayeyanyima matone ukubwa.

Mwezi wa sita masasi ya bunduki yakaanza kusikika upande wa pili wa vilima. Mwanzoni mbali, kama mtu anayepasua kuni. Watu waliendelea kupalilia, wakiinua vichwa na kuviinamisha tena. Mimi nilikuwa juu ya mgongo wa kilima peke yangu, ndani ya ukungu mzito kiasi cha kutoona viatu vyangu, na sauti ndani ya ukungu haina upande. Kila mlio ulikuwa nyuma yangu. Nakumbuka kamba mkononi. Nakumbuka nikianza Salamu Maria. Sikumbuki "amebarikiwa". Nilirudi nimelowa mpaka mifupani, na Papa Prof alikuwa mlangoni, amesikia milio ile ile, ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Aliniuliza kama niko muzima. Halafu akauliza, "Ulifunga saa yake?" Nikasema ndiyo. Mimi ninayefikiri hata kabla ya kusema asante, neno lile lilitoka bila kufikiriwa. Siku nyingine ya masasi aliniuliza tena na nikajibu vile vile. Baada ya hapo hakuuliza. Asubuhi kumi na moja zilikuwa za namna ile, na asubuhi zile, kwa bahati, upepo ulikuwa mkali.

Tangu hapo mawingu hayakuipa hadubini mwanga, mpaka mchana mmoja, jua likiwa hafifu, niliweka kioo cha kwanza cha siku zile chini ya hadubini na nikaona tundu kubwa. Si kubwa sana. La katikati. Nikasema namba. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikaendelea na la pili, la tatu, na kwenye kioo kile yalikuwa tisa. Aliinuka, akatoka nje, akasimama uwanjani ameinua uso kwenye manyunyu, na ng'ombe wa jirani wakamzunguka kana kwamba ni nguzo. Nilimwona mabega yakitikisika. Niliona haya kumtazama, nikaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Hatukupata nafasi ya kusoma vingine. Mawingu yalifunga tena, na siku ya nne kijiji kizima kilitoka kukimbia masasi. Papa Prof aliacha vitabu, nguo, saa ya ukutani. Alichukua hadubini na sanduku la mbao lenye mifereji ambamo vioo vilisimama bila kugusana, maana kidole kimoja kwenye masizi kinafuta asubuhi nzima. Alitafuta mtu wa kulibeba na akampata Shukuru, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, aliyekimbia kutoka Rubaya, mwenye bega lililoota gamba kwa kubeba mawe ya koltani. Shukuru alilipima sanduku kwa kuliinua kidogo, akashangaa wepesi wake.

"Mu Rubaya nilibeba mawe yenye inafanya bantu banauana," aliniambia njiani. "Humu muko nini?"

"Vioo."

"Na mu vioo?"

"Moshi. Na mashimo mu moshi."

Aliliweka sanduku vizuri begani. "Nyinyi bantu ba kusoma. Munatafuta muntu abebe mashimo." Lakini tangu hapo alitembea kama mtu aliyebeba mtoto anayelala, na kwenye matope alitanguliza fimbo kabla ya mguu.

Tulitembea siku tisa kwenda Walikale, ambako Mama Katungu, mtoto wa dada yake, alikuwa na duka na lori. Mahali pabaya vijana wa njiani walimbeba mzee kwa kipoyi, kiti cha miti cha kubebwa mabegani. Mahali pazuri nilimshika mkono nikimwambia jiwe, mizizi, maji. Vilima vilishuka, ng'ombe wakaisha, msitu ukaanza, na joto lake lilikuwa kama kuvuliwa nguo kwa nguvu. Kwenye bariere moja, kizuizi cha njiani, mwenye bunduki alitaka sanduku lifunguliwe. Alichomoa kioo, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa. Akachomoa kingine. Nilisikia sauti ikinitoka bila maneno. Shukuru alimwambia, kwa upole wa kuchosha, "Chef, ile iko moshi ya jikoni ya muzee. Akikumbuka kwake ananusa." Wengine walicheka, na yule akaona aibu kuendelea, akarudisha cha nne na kidole kilichokuwa cheusi. Papa Prof alikuwa amekaa kwenye kipoyi, kichwa upande. Aliniuliza ni vya mwezi gani. Nikasema vya mwezi wa tatu, vya utulivu. Akasema hivyo tumeshavisoma, vya mwisho viko? Nikasema viko. "Basi tuende." Nilielewa kwamba vioo vyote vilivyobaki, miezi yote niliyosali vizuri, havikuwa tena na uzito kwake. Kilichobaki duniani kilikuwa asubuhi kumi na moja.

Walikale tulilala nyuma ya duka, yeye kwenye chumba cha magunia ya chumvi, mimi kwenye chumba cha bidoni, madumu ya mawese, ukuta wa ubao katikati. Ni vyumba ninavyovikumbuka kuliko vyote nilivyowahi kukaa. Mama Katungu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita lori lirudi kinyumenyume, mtu wa Misa ya kila asubuhi, na alituzidishia chakula kana kwamba vita ilikuwa njaa tu: lituma ya ndizi za kupondwa, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta mekundu, mara nyingine nyama ya pori ambayo hakutuambia ni ya nini. Asubuhi Papa Prof alisema na mimi niliandika kwenye kaye, daftari la shule. Alikuwa ameanza makala yake hata kabla sijasoma vioo vingine, kwa Kifaransa safi, bila kusimama, kama aliyekuwa amekihifadhi kila kifungu kwa miaka. Alirudisha rangi. Siku moja, nikiwa kati ya bidoni, nilimsikia Mama Katungu akiongea na mteja kwenye kaunta. Alisema tangu mzee afike anakula. Alisema amepata ile kitu yake. "Sijui iko kitu gani, mimi sikusoma. Lakini leo asubui nilimusikia anaimba. Mujomba yangu, anaimba. Nani alishasikia ile?"

Ijumaa moja jua la Walikale lilikuwa juu ya kichwa, jeupe, jua ambalo Nyamitaba hatukuwahi kuwa nalo. Niliweka hadubini uwanjani, nikageuza kioo chake kidogo cha kurudisha mwanga, nikaweka tundu la kwanza la kioo cha pili. Lilikuwa na kiuno. Nilifikiri ni macho yangu. Nikaweka lingine, nalo lilikuwa na kiuno kidogo katikati, pande zote mbili, kama karanga ndani ya ganda lake. Nikarudi kwenye kioo kile cha kwanza, kile cha matundu tisa. Yote tisa yalikuwa hivyo. Hayakuwa matone ya katikati. Yalikuwa matone madogo mawili mawili, moja limeanguka kando ya jingine kwenye masizi, kwa sababu kifuniko kilikuwa wazi muda mrefu mno. Hayakugongana ndani ya wingu. Yaligongana mikononi mwangu, kwa sababu mtu aliyeshika kamba alikuwa amepitisha "amebarikiwa", akaingia nusu ya pili, akafika saa ya kufa kwetu, na akaanza upya.

Nilinyamaza siku sita. Naziandika ili nisijifanye mwema. Nilijaribu kila mlango. Nilijiambia labda si yote. Nilijiambia yeye haoni, na dunia nzima haina mtu mwingine aliyesoma vioo hivi. Nilijiambia wazo lake laweza kuwa la kweli hata kama vioo vyangu ni vibovu, na siku moja mtu mwenye ndege atalithibitisha, na hakuna atakayeumia. Nilijifungia kati ya bidoni na simu, nikapima nusu ya sala, halafu sala nzima, halafu sala nzima kwa hofu, lakini hofu ya kuigiza haina mwendo wa hofu. Kila asubuhi nilikaa mbele yake na kaye, akanipa sentensi nyingine nzuri, nikaiandika. Na mchana aliponiuliza namba nilisema namba. Huo haukuwa tena uongo wa kushtukia. Ulikuwa wa kukaa na kupima, kwa rula.

Siku ya saba alifika kwenye hitimisho. Alisema, "Tumeona," akasita, akatafuta neno. Kalamu yangu haikuandika. Aliisikia ikinyamaza.

"Papa Prof, ile matundu kubwa haiko moja. Iko mbili zimeshikana."

Hakugeuza kichwa. "Zimeshikana wapi? Mu wingu ao mu kioo?"

"Mu kioo."

"Juu ya nini?" Alitaka sababu.

"Sikufunga."

Nje mtu alikuwa anashusha magunia kutoka kwenye lori, na kila gunia lilitua kwa mshindo wake. Alingoja manne au matano yatue.

"Ile siku ya masasi, ulikuwa unahesabu ao ulikuwa unaomba?"

"Nilikuwa naomba."

"Na nilikuuliza."

"Ndiyo, Papa Prof. Mara mbili."

Nilitegemea apige kelele. Alivua miwani ambayo haikumsaidia tena, akaifuta kwa shati, akaivaa. Halafu alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Kama ungenyamaza, ningekufa na jibu."

"Ingekuwa ya uongo."

"Najua iko ya uongo, mimi njo nilikufundisha. Nauliza juu ya nini hukunyamaza."

Nikamwambia niliogopa. Akacheka, kicheko kibaya, kikavu. "Weye unaogopa kusema, unaogopa kunyamaza. Ile kitu hauogope iko wapi, nikaione?" Akaniambia nitoke. Kwa siku mbili alikula akigeukia magunia, na Mama Katungu alinitazama kama mtu niliyemwekea mjomba wake sumu. Alinihamishia chakula jikoni. Sikumlaumu. Nilifunga mfuko wangu mara tatu na kuufungua mara tatu. Barabara ya kurudi haikuwapo, na hata ingekuwapo sikujua ningekwenda kuwa nani.

Siku ya tatu aliniita kupitia ukuta. Alitaka hadubini, vioo kumi na moja, na jua la saa sita. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando yangu uwanjani, kofia ya Mama Katungu ya majani kichwani, mikono juu ya magoti.

"Tundu ya kwanza," alisema. "Moja ao mbili?"

"Mbili."

"Ya pili."

"Mbili."

Tulikwenda hivyo tundu kwa tundu, kioo kwa kioo, na kesho yake tena. Hakunisaidia na hakuharakisha. Mbili, nilisema, mbili, mbili, na kila niliposema nilijua nimemchukulia kitu na nimekivunja mbele yake katika nusu mbili ndogo zisizofaa. Mama Katungu alileta lituma akasimama na sahani, akauliza tunacheza nini. Mjomba wake akamwambia tunagawanya. Akauliza tunagawanya nini, akasikia mbili nyingine tu, akaweka sahani chini taratibu akaondoka. Kwenye kioo cha mwisho kulikuwa na tundu moja nisiloweza kulisoma. Niligeuza mwanga, nikafuta jasho, nikatazama tena. Upande mmoja ulionekana kuwa na kiuno, upande wa pili haukuwa nacho. Alikuwa ameinamia upande wangu. Ningeweza kumpa moja. Nilihisi neno hilo mdomoni, dogo, jepesi, na nilijua angelipokea, na nilijua pia angejua.

"Sijui," nilisema.

"Andika sijui."

Nikaandika. Halafu akaniagiza nichukue beseni na sabuni nioshe vioo vyote, vile kumi na moja na vya mwezi wa tatu na vingine vyote, maana Walikale nzima hakukuwa na mtu wa kuuza vioo vya namna ile, na namba zake ziko kwenye kaye, za kweli na za uongo, kila moja na jina lake. Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema mto Lowa unatoa ukungu asubuhi, yeye ameusikia usoni tangu siku tuliyofika, na jicho la kulia bado linatofautisha mlango na ukuta. Niliosha. Maji yalikuwa meusi tangu kioo cha kwanza, na niliendelea kuosha ndani ya weusi ule ule mpaka vidole vikakosa hisia.

Kesho yake tulishuka mtoni, mimi nimeshika kisanduku mbele, yeye nyuma yangu, mkono mmoja begani kwangu na kamba ya kifuniko katika mkono wa pili. Alisali yeye, kwa sauti, polepole kama mzee, na akafunga mahali pake. Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Wiki ya pili bunduki ililia msituni, karibu. Mwili wangu wote ukasimama. Kamba ikavutwa mahali pake, kifuniko kikafunga. Mkono wake begani kwangu ulikuwa unatetemeka sana hata kisanduku kikatetemeka nao.

"Muwindaji," alisema.

"Labda."

"Labda," alikubali. Tukabaki tumesimama pale mpaka tukaweza kutembea.

Tulipata vioo kumi na tisa. Halafu jicho la kulia likafunga, na watu wa kwao wakaamua aende Butembo, kwa lori la Mama Katungu, njia ndefu ya Kisangani. Vioo kumi na tisa havithibitishi kitu. Yeye aliniambia hivyo mwenyewe, bila uchungu, kama unavyomwambia mtu mvua imeanza. Asubuhi ile dereva alikuwa ameshawasha injini, na Mama Katungu alipanga magunia ya kumkalisha. Yeye alikuwa kwenye kiti cha plastiki uwanjani, amevaa koti. Alisema nimsomee. Nikaleta hadubini, na nikamsomea vyote kumi na tisa, tundu kwa tundu, injini ikinguruma. Yalikuwa madogo, yote. Alitikisa kichwa kwa kila namba na kuipokea, mpaka ya mwisho, na hakuniuliza hata mara moja kama ni moja au mbili.